Uzi: Bunduki mpya ya jeshi la taifa ianzie kwenye risasi

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi):

Habari zenu, ndugu zangu. Katika mijadala inayoendelea kuhusu silaha za FARDC, jeshi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu wengi wanaweka picha ya bunduki wanayoipenda, iwe HK416 ya Ujerumani, SCAR ya Ubelgiji au M7 ya Marekani, kisha wanauliza kwa nini jeshi letu bado linabeba Kalashnikov, silaha ambayo Wasovieti waliipitisha mwaka 1949. Swali ni halali, ila limeanzia mwisho. Jeshi halinunui bunduki peke yake. Linanunua risasi zitakazotumiwa na bunduki hiyo kwa miaka 30, magazini, vipuri, mafunzo ya mafundi, pamoja na utegemezi kwa yule atakayeviuza vyote hivyo. Hoja yangu ni kwamba tuamue kwanza ni risasi gani na itatoka wapi. Tukishaamua hilo, orodha ya bunduki zinazofaa itakuwa fupi sana.

Risasi kamili ya 7.62×39 (unene wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita), ile ya Kalashnikov, ina uzito wa takriban gramu 16 hadi 17. Ile ya 5.56×45 ya nchi za NATO ina takriban gramu 12. Askari mwenye magazini saba za risasi 30, yaani risasi 210, anabeba karibu kilo 3.5 za risasi peke yake katika kaliba (yaani ukubwa wa risasi) ya kwanza na kilo 2.5 katika ya pili, kabla hatujahesabu magazini zenyewe, na magazini ya chuma ya Kalashnikov si nyepesi. Risasi ndogo pia hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde, wakati ile kubwa hutoka kwa mita 715 hivi, kwa hiyo njia yake imenyooka zaidi na askari aliyekadiria umbali vibaya bado ana nafasi ya kupiga shabaha. Hizo ni faida za kweli.

Hata hivyo, maghala yetu, mafunzo yetu na mikono ya askari wetu vimezoea 7.62×39. Nchi inayobadilisha kaliba ikiwa vitani hujikuta, kwa miaka kadhaa, ina majeshi mawili yasiyoweza kuazimana risasi. Hebu fikirini kikosi kilichoko katika misitu ya Ituri, ambako barabara hukatika mvua ikinyesha, kikifungua sanduku lililofika kwa shida na kukuta risasi za kaliba ya jirani.

India inatufaa kama mfano kuliko Marekani. Nchi hiyo ilitengeneza bunduki yake ya INSAS ya 5.56, ikaitumia kwa miongo miwili ikiambatana na malalamiko mengi, kisha ilipofika wakati wa kuibadilisha ikarudi kwenye kaliba ya Kalashnikov. Mkataba wa AK-203, bunduki zaidi ya 600,000 za 7.62×39 zitakazotengenezwa Korwa, wilaya ya Amethi, ulitiwa saini Desemba 2021. Kiwanda kilikuwa kimezinduliwa tangu Machi 2019, lakini kufikia katikati ya 2024 bunduki zilizokuwa zimekabidhiwa zilikuwa takriban 35,000. India ina viwanda vya chuma, wahandisi na fedha. Anayetuahidi kiwanda cha bunduki ndani ya mwaka mmoja na atueleze atapita njia gani ambayo Wahindi hawakuiona.

Sasa nije kwenye hoja inayopendwa sana huku kwetu Katanga: kwamba sisi ni wa pili duniani kwa kuzalisha shaba, kwamba ganda la risasi ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, kwamba zinki iko Kipushi hapo karibu, na kwamba kwa hiyo risasi tungeweza kuzitengeneza wenyewe. Hoja hiyo inafurahisha moyo, na nusu yake ni kweli. Likasi kuna Afridex, inayojulikana kwa baruti za migodini na kwa risasi, kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri. Lakini ganda ndilo sehemu rahisi ya risasi. Zaidi ya hayo, risasi nyingi za 7.62×39 zitokazo Urusi na China zina ganda la chuma lililopakwa rangi au shaba nyembamba, yaani shaba yetu karibu haihitajiki. Kazi ngumu iko kwenye baruti isiyotoa moshi, ambayo inataka kiwanda cha nitroselulosi (malighafi yake kuu) chenye usalama mkali, na kwenye fataki, kile kidude kidogo cha kitakoni kinachogongwa na pini. Asiyeweza kutengeneza fataki na baruti ana maganda matupu, hata yang'ae namna gani.

Baruti ndiyo iliyowaumiza Wamarekani wenyewe kule Vietnam. M16 ilipopelekwa vitani kwa wingi, aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa bila bunduki kurekebishwa vya kutosha. Kasi ya ufyatuaji ikapanda na uchafu ukaongezeka. Chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, haikuwa imepakwa kromu, vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na askari waliambiwa kwamba silaha hiyo haihitaji usafi mwingi. Bunduki zikakwama mikononi mwa watu waliokuwa wanashambuliwa. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza jambo hilo na lawama ikawaangukia waliosimamia mradi. Bunduki hiyo hiyo, baada ya kupewa chemba ya kromu, baruti iliyorekebishwa na vifaa vya usafi, imedumu miaka zaidi ya 50. Silaha haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama pamoja na risasi yake.

Kuhusu zabuni, someni kisa cha Ujerumani, maana kina mafunzo kuliko vitabu vya nadharia. Mwaka 2015 waziri wa ulinzi, Ursula von der Leyen, alitangaza kwamba G36, bunduki ya jeshi lao, haina mustakabali katika umbo lake la wakati ule, kwa sababu usahihi wake ulipungua ilipopata joto. Mwaka 2016 mahakama ya Koblenz ikaamua kwamba kampuni ya Heckler & Koch haikuwa na wajibu wa kulipa fidia kwa bunduki zilizokuwa zimenunuliwa. Zabuni ikafunguliwa 2017. Septemba 2020 kampuni ya Haenel ikatangazwa mshindi kwa bunduki 120,000; mwezi uliofuata ushindi huo ukaondolewa kwa sababu ya mgogoro wa hataza (haki ya umiliki wa ubunifu), na Heckler & Koch, iliyokuwa imeshindwa, ikarudi na kupewa kazi. Kamati ya bajeti ya Bundestag, bunge lao, iliidhinisha ununuzi wa bunduki 118,718 Desemba 2022. Miaka saba ilipita kati ya tamko la waziri na idhini ya fedha, katika nchi yenye amani na mahakama zinazofanya kazi. Wenzetu wanaotaka zabuni ya miezi mitatu wajue kwamba haraka hiyo kwa kawaida humfaa muuzaji.

Ufaransa nayo ilifunga kiwanda chake cha Saint-Étienne kilichotengeneza FAMAS, bunduki ya jeshi lake, na wakati wa kuirithi ulipofika, mwaka 2016, ikachagua HK416F ya Wajerumani. Nchi yenye ndege zake na nyambizi zake za nyuklia haina tena kiwanda cha bunduki ya askari wa kawaida. Sisemi walikosea.

Pendekezo langu, ili mlipige mawe vizuri: tubaki na 7.62×39, tununue bunduki mpya ya aina moja tu yenye mtutu uliopakwa kromu, mahali pa kufunga darubini na kitako kinachorefushwa, na fedha tutakazookoa kwa kutobadilisha kaliba ziende kwenye mazoezi ya shabaha, magazini na mafundi.

Mzee_Mstaafu:

Ndugu Fundi, nimekusoma mpaka mwisho na nakubaliana nawe kwa nusu. Umeandika "Kalashnikov" kana kwamba ni kitu kimoja. Katika kikosi kimoja utakuta AKM ya Kisovieti, Type 56 ya Kichina, M70 ya Zastava, na nyingine ambazo hata aliyezibeba hajui zilikotoka. Magazini kwa kawaida huingiliana, lakini vitako havilingani, sehemu za ndani zinahitaji kupimwa na fundi kabla ya kuhamishwa kutoka bunduki moja hadi nyingine, na ukiletewa vz. 58 ya Kicheki, inayofanana na Kalashnikov kwa macho ya mtu wa mjini, utagundua kwamba inatumia risasi ile ile lakini hata magazini haziingiliani. Kwa hiyo sifa ya kwamba tuna silaha moja inayofahamika ni ya juu juu.

Jambo la pili ni risasi zenyewe. Risasi nyingi za zamani za kambi ya mashariki zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Katika msitu, ambako asubuhi hata godoro huwa limelowa, bunduki isiyosafishwa kwa maji kisha mafuta huanza kula kutu ndani ya siku chache. Kromu husaidia, lakini bomba la gesi nalo linataka kuangaliwa. Nimeona vijana wakipaka mafuta nje ili ing'ae siku ya gwaride, huku ndani kumeoza.

Jambo la tatu ndilo linalonitofautisha nawe. Kilo moja unayoitaja kwa urahisi hivyo ni kubwa sana kwa mtu anayepanda milima ya Masisi au ya Fizi akiwa na maji, chakula, redio na blanketi. Zaidi ya hayo, makundi tunayopigana nayo yanatumia 7.62×39 hiyo hiyo. Kila sanduku linalopotea, liwe limetekwa au limeuzwa na mtu asiye na haya, linawalisha wao. Kaliba tofauti ingekata mrija huo.

Fundi_Kamalondo:

Papa Mstaafu, asante. Kuhusu mchanganyiko uko sahihi, na ndiyo maana nimesema aina moja tu. Kuhusu fataki zenye chumvi, mkataba wowote uzikatae kwa maandishi. Leo zipo risasi za kaliba hiyo zisizo na chumvi, na bei yake haitishi.

Kuhusu kukata mrija, naona itafaulu kwa muda mfupi tu. Wamarekani waliwapa jeshi la Afghanistan bunduki za M16 mahali pa Kalashnikov, na moja ya matumaini ilikuwa kwamba silaha za jeshi zitatofautishwa na za waasi. Agosti 2021 maghala hayo yote, bunduki na risasi zake, yaliingia mikononi mwa Taliban, nao hawakupata shida kujifunza kuzitumia. Anayepoteza sanduku la risasi leo atapoteza kesho sanduku la risasi pamoja na bunduki tano, na adui atakuwa amekamilika. Mrija hukatwa na mtunza ghala mwenye daftari na kamanda anayelisoma daftari hilo.

Kuhusu kilo moja, hapo sina jibu la kukushinda. Magazini za plastiki ngumu zitarudisha sehemu ya uzito huo, si wote.

Mwana_Ruashi:

Heshima kwenu, wakubwa. Mbona hamtaji risasi ya 6.8×51 ya Marekani? Wao wameacha 5.56 kwa sababu haipenyi tena fulana za kisasa. Kwa nini sisi tununue teknolojia ambayo wakubwa wanaitupa?

Fundi_Kamalondo:

Mdogo wangu, hawajaiacha 5.56. Mwaka 2022 waliipa kampuni ya SIG Sauer mkataba wa M7, bunduki inayotumia risasi hiyo, kwa ajili ya vikosi vyao vya mstari wa mbele, huku sehemu kubwa ya jeshi ikiendelea na M4 ya 5.56. Tazama gharama kwa askari: magazini ya M7 ina risasi 20, na mzigo wa kawaida umeshuka kutoka risasi 210 hadi 140, ilhali bunduki yenyewe ni nzito kuliko ile ya zamani. Wamekubali hasara hiyo kwa sababu wanajiandaa kupigana na majeshi makubwa yenye fulana za kuzuia risasi. Wengi wa watu wanaopigana na FARDC hawana fulana hizo. Isitoshe, ni nani mwingine duniani atakayekuuzia risasi hiyo siku Washington itakapokununia?

Maman_Manunuzi:

Ndugu Fundi na Papa Mstaafu, mimi kazi yangu ni kuandaa zabuni, si za silaha, lakini karatasi zinafanana. Tunapotaja bei, tutaje bei nzima. Wajerumani waliidhinishiwa takriban euro milioni 209 kwa bunduki zile 118,718. Ukigawanya unapata karibu euro 1,760 kwa kila moja, na darubini ni hesabu nyingine. Kalashnikov mpya itakuwa nafuu, ila muuzaji mwerevu hushusha bei ya bunduki na kuipandisha ya vipuri. Nimekuwa nikiona hivyo katika mitambo ya kila aina: mashine inauzwa kwa bei ya kuvutia, kisha chujio lake linauzwa kwa bei ya dhahabu. Ndiyo maana vipuri vya miaka kumi lazima viwe na bei iliyoandikwa ndani ya mkataba wa kwanza.

Swali langu kubwa, hata hivyo, hamjaligusa. Bunduki za zamani zitaenda wapi? Tangu Desemba 2022, azimio 2667 la Baraza la Usalama liliondoa sharti la kuiarifu Kamati ya Vikwazo kabla ya kuiuzia serikali yetu silaha, kwa hiyo mlango wa kununua uko wazi zaidi kuliko zamani. Ila nchi yetu ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa 2010 kuhusu udhibiti wa silaha ndogo ndogo, na vyote viwili vinataka silaha ziwekewe alama, ziandikwe, na zile zisizohitajika ziharibiwe. Tukigawa bunduki mpya 100,000 bila kukusanya za zamani 100,000, tutakuwa tumeongeza silaha nchini badala ya kubadilisha silaha za jeshi.

Fundi_Kamalondo:

Maman, hilo lingestahili kuwa aya yangu ya kwanza. Askari asipewe bunduki mpya mpaka arudishe ile yenye namba iliyoandikwa kwa jina lake, na asiye na namba achunguzwe kabla ya kupewa kitu. Tume ya taifa ya udhibiti wa silaha ndogo ndogo ipo kwa kazi hiyo, na mashine za kuchonga alama si ghali. Zilizokusanywa zikatwe mbele ya mashahidi. Sipendi zile hadithi za kuziweka akiba kwa ajili ya askari wa akiba. Akiba ya aina hiyo huonekana sokoni.

Mwana_Ruashi:

Kenya wamefungua kiwanda chao Ruiru mwaka 2021. Kwa nini tusinunue kwa jirani, au tujenge kama chao hapa Lubumbashi?

Mzee_Mstaafu:

Kijana, kile cha Ruiru kilitangazwa kuwa na uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo bunduki 120,000 zinahitaji miaka kumi, hata kama Wakenya wenyewe hawachukui hata moja. Mimi ningeanza na karakana ya kukarabati: kubadilisha mitutu, kupima chemba, kupaka upya. Mtu akishaweza kukarabati bunduki elfu kumi, ndipo azungumze habari za kuzitengeneza. Ndugu Fundi, wewe uliyeleta mada hii utuambie: ukiitwa Kinshasa kesho kuandika masharti ya majaribio, utaandika nini?

Fundi_Kamalondo:

Papa, kwanza ningewakumbusha jinsi namba zinavyoweza kucheza. Mwaka 2007 Wamarekani walijaribu bunduki nne katika vumbi kali huko Aberdeen, risasi 60,000 kwa kila aina. M4 ilikwama mara 882, HK416 mara 233, SCAR mara 226 na XM8 mara 127. Wapinzani wa M4 walizishika namba hizo kama ushahidi wa mwisho. Lakini miezi michache kabla, katika jaribio linalofanana, M4 hiyo hiyo ilikuwa imekwama mara 307 tu. Kwa hiyo jaribio moja, hata likifanywa na watu makini, halitoshi kuamua jambo la miaka 30.

Ningeandika kwamba bunduki za majaribio zichaguliwe kwa kura kutoka masanduku ya kawaida, si zile alizoziandaa muuzaji kwa mikono yake. Zijaribiwe mara mbili: Katanga mwezi wa Agosti, vumbi jekundu likiwa limekauka kama unga, na msituni upande wa Kisangani wakati wa mvua. Kila jaribio lirudiwe kwa risasi za watengenezaji wasiopungua watatu, zikiwemo zilizokaa ghalani miaka mingi, kwa sababu ndizo askari atakazopewa. Wafyatuaji wawe askari wa vikosi vya kawaida, wake kwa waume, na kila bunduki ifunguliwe, isafishwe na kufungwa usiku bila taa. Fundi wa kikosi abadilishe mtutu kwa vifaa vitakavyokuwa ndani ya mkataba, bila mtu wa kampuni kumshikia mkono. Sehemu za bunduki kumi zichanganywe mezani na kuunganishwa upya; bunduki ambayo haitafyatua baada ya hapo itolewe.

Kisha kuna sharti dogo ambalo wauzaji hawalipendi: kila bunduki ije na magazini saba zilizojaribiwa nayo, na si moja kama inavyoonekana katika bei nyingi za vipeperushi. Bunduki nyingi zinazosemwa ni mbovu zina magazini mbovu, mdomo umepinda au springi imechoka. Magazini zihesabiwe kama kitu cha kuisha, zinunuliwe tena kila baada ya miaka michache, na bei yake iwe kwenye karatasi ile ya Maman, mstari wa pili, mara tu baada ya risasi.

Maman_Manunuzi:

Mstari wa pili nimeuweka. Sasa muuzaji asiyekubali kuandika bei ya magazini za mwaka wa nane, tumtoe kwenye zabuni au tumpunguzie alama?

Fundi_Kamalondo:

Tumtoe.